Shibe ya Mzee Haralampi

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni karibu na jiko. Zimeni hizo simu. Aliye na kitu mdomoni ameze sasa hivi, maana nikifika katikati hatakitamani, na mimi sitaki mtu anitapikie zulia. Kimya. Haya.

Ilikuwa Jumapili mchana, jua linawaka, mwaka ule wa ugonjwa uliotufungia ndani. Mdogo wangu Velika alikuwa amelazwa, na mashine za kupumulia hazikutosha. Wagonjwa walizipokezana kama watoto na baiskeli. Ndipo kikundi cha maigizo cha mji wetu kikaamua kusoma tamthilia mtandaoni, kila mtu kwake, watazamaji wachange, inunuliwe mashine nyingine. Zdravko, mtoto wa Velika, akaja kusomea jikoni kwangu, kwa sababu kwake mtandao ulikuwa unakatikakatika.

Walichagua ule mchezo wa Gavana. Sisi tumekua nao. Gavana anakula peke yake, wenye njaa wanaingia mmoja mmoja kulalamika, yeye anatafuna tu. Mwisho anasema, "Nimeshiba. Ondoeni watu." Kila serikali iliyokuja iliupiga marufuku, kila moja ikidhani ndiyo inayosemwa.

Na Gavana wetu alikuwa mmoja, Mzee Haralampi, tangu mimi msichana mpaka naota mvi. Alikula kwelikweli jukwaani. Kuku mzima! Mafuta yakimchuruzika mpaka kwenye pete yake kubwa ya shaba, mifupa ikivunjika menoni tukaisikia hadi viti vya nyuma. Tulikuwa tunamchukia, tunacheka, halafu tunasimama kumpigia makofi. Ugonjwa ulimchukua mapema. Kwetu mwigizaji hazikwi kimya. Jeneza likitoka ukumbini, watu hupiga makofi mpaka gari lipotee. Yeye alifungwa kwenye plastiki nyeusi, akafukiwa na watu wawili waliovaa glavu. Hakuna aliyepiga hata kofi moja.

"Mama mkubwa, niazime sahani," akaniambia Zdravko, aliyepewa kumsoma Gavana.

"Nikuwekee nini?"

"Tupu tu. Nitaigiza."

"Haralampi angekuzaba kibao. Gavana gani anakula hewa?"

"Haralampi yuko chini, mama mkubwa. Mpelekee yeye huyo kuku."

Akacheka. Nami nikacheka.

Kwenye kompyuta kila msomaji alikuwa na kidirisha chake. Mwalimu Iskra, kiongozi wao, akawakaribisha watazamaji, wakaanza. Walisoma vizuri. Michango ikaanza kuingia. Kisha kikafunguka kidirisha kimoja zaidi, kule chini pembeni. Hakikuwa na jina. Ndani yake kulikuwa na giza, meza, na mkono.

"Huyo nani?" Mwalimu Iskra akanong'ona.

Mkono ulikuwa na pete ya shaba. Ngozi yake ilikuwa imelegea, imejikunja kama utando juu ya maziwa yaliyochemka. Ukachota kitu mezani. Ukakipandisha juu, nje ya picha. Tukasikia kutafuna. Taratibu. Kwa mate mengi.

Watazamaji wakaandika: ajabu, huyu ni bora kuliko wote! Michango ikamiminika.

Zdravko akafungua kinywa asome. Sauti ikatoka imezibwa. Nikamtazama mashavu. Yalikuwa yamejaa. Na sahani ilikuwa tupu, naapa.

Akatema kiganjani. Udongo mweusi, umelowa. Nywele nyeupe. Kipande cha plastiki nyeusi. Na funza mnene, nusu yake tu, bado anajinyonganyonga. Nusu nyingine sikuiona.

"Zima," nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa. Akaninyooshea kidole kwenye michango. "Nikizima wataondoka," akasema. "Na mama?"

Mashavu yakajaa tena. Safari hii hakutema. Alimeza. Nilisikia tonge likishuka, likikwaruza koo. Akasoma maneno yake. Akajaa. Akameza. Machozi yalimtoka, na kamasi. Harufu ikatanda jikoni, mafuta yaliyochacha na kitu kitamu cha kuoza, ikanigandia kwenye ulimi. Mpaka leo nikipiga mwayo naionja.

Kule pembeni vidole vilikuwa vinapanda kulambwa. Kimoja kimoja. Kimoja hakikurudi.

Wakafika mwisho.

"Nimeshiba," Zdravko akasema. "Ondoeni watu."

"Bado," ikajibu sauti kutoka kile kidirisha.

Kinywa cha Zdravko kikafunguka chenyewe. Kikazidi kufunguka. Midomo ikapasuka pembeni. Nikaona kitu cheusi kinapanda kooni.

Hapo nikaikumbuka ile plastiki, na wale wawili wenye glavu. Nikapiga makofi. Peke yangu, jikoni.

"Pigeni!" nikaifokea kompyuta. "Pigeni nyote! Huyu hatukumsindikiza!"

Mwalimu Iskra akapiga. Wengine wakafuata, kila mtu kwake, wanalia huku wanapiga. Ule mkono ukatulia. Ukajiweka kifuani, pale alipouweka Haralampi kila mara alipoinama kutuaga. Kidirisha kikajifunga. Zdravko akaanguka chini ya meza, akitapika.

Mashine ilinunuliwa. Velika aliwekewa jioni ileile ilipofika, na leo mnamwona, anapalilia nyanya zake na kunigombeza. Yeye alirithi pumzi. Zdravko alirithi nafasi ya Gavana, maana hakuna mwingine aliyeitaka, na kuku hajala tena. Alirithi na pete ya shaba. Niliiokota mimi kwenye matapishi yake, nikaiosha. Haivai. Kuitupa hathubutu.

Mimi nilirithi sahani. Iko kabatini, ile ya juu peke yake, msiiguse. Naiosha kwa maji ya moto, naikausha, nafunga kwa ufunguo. Kila nikifungua ina mafuta mabichi. Na pale ukingoni imeng'atwa, na kila mwaka alama za meno zinasogea ndani zaidi.