Tawi Lililojipinda Lenyewe

"Binti yako ataolewa na nani, akikimbiza mpira kwa fimbo kama dume?"

Jirani alimuuliza hivyo mama wa binti mmoja fundi cherehani. Mama akacheka tu, akaendelea kuanua nguo. Afadhali angemjibu, maana maneno ya namna ile yalikuja kumkuta binti uwanjani.

Binti alikutana na Randa, fundi seremala, katikati ya kelele za misumeno sokoni. Alivaa gauni la kijani, tepu ya kupimia shingoni. Akaokota fimbo moja kwenye rundo la Randa, akapitisha kidole kwenye mpindo wake.

"Hizi za nini, kaka?"

"Adhula. Mchezo wa magongo wa babu zetu Wajaluo. Sisi vijana tunaufufua."

"Kwa hii? Umeikunja kwa moto, itapasuka. Tafuta tawi lililojipinda lenyewe. Bibi alinifundisha."

"Basi nifundishe na mimi, dada."

Akamfundisha yeye na wenzake miezi minne: fimbo, mpira wa kuchonga kwa mzizi, sheria zote. Mapenzi yakaingia humo humo.

"Umekula, kipenzi?" Randa alimuuliza kila jioni kwenye simu.

"Nimeshiba vumbi la uwanja wako."

Jezi kumi na moja alizishona yeye, mojawapo yake mwenyewe. Siku ya mashindano mwenyekiti wa vijana akasoma orodha. Binti hakuwemo.

"Dada zetu watagawa maji," mwenyekiti akasema.

Binti akamtazama Randa. Randa akatazama viatu vyake.

Siku tatu binti hakupokea simu ya Randa. Ya nne akapokea.

"Mpenzi, mwenyekiti ndiye aliyekata jina lako."

"Na ulimi wako aliukata nani?"

Randa akaanza kumpa pole.

"Ulisimama kama nguzo, nami nimepewa ndoo mbele za watu. Pole ya simu siitaki."

Jumapili mwenyekiti akamtangaza Randa nahodha ukumbini, "kijana aliyeufufua mchezo wetu". Binti alikuwa mlangoni, amefuata jezi yake.

"Si mimi," Randa akasema. "Aliyetufundisha ni yule pale. Nilinyamaza, na nilikosa."

"Keti, kijana. Mwanamke hashiki fimbo," mwenyekiti akafoka.

"Bibi yake aliishika. Wewe umeijulia wapi?"

Randa akavua jezi ya unahodha, akaiweka mezani juu ya orodha ya mwenyekiti. Akaenda mlangoni, akamnyooshea binti fimbo mpya aliyokuja nayo. Binti akapitisha kidole kwenye mpindo wake, polepole, kama siku ile sokoni. Haikuguswa na moto.

Mwenyekiti alikuwa bado anafoka. Binti akaitia fimbo begani, akatangulia kutoka kuelekea uwanjani.