Binti Hakwenda Japani Kuwatumikia Wenzake

Usijifanye hujui. Umempita mara ngapi yule mama anayefagia shule ya mwanao? Unaruka ufagio wake kama unaruka dimbwi. Salamu humpi. Na binti yake, anayesoma darasa moja na mwanao, wenzake wanamwita Fagio. Umesikia kwa masikio yako mawili. Ukageuza uso, ukaendelea na simu yako.

Leo hugeuzi uso popote. Soma.

Mama huyo hufika shuleni kabla ya walimu. Hufagia ua, hupiga deki madarasa, husugua vyoo. Mumewe ni fundi viatu, na kibanda chake kimeegemea ukuta wa shule. Binti yao humsaidia mama mpaka kengele ilie. Kisha hunawa mikono na kuingia darasani.

Katika shule hiyo, aliyechelewa alipewa ufagio. Aliyepiga kelele alipewa dekio. Watoto wakaelewa hivi: kusafisha ni adhabu, au ni kazi ya mama yake Fagio.

Mwaka mmoja ikaja habari njema. Shule moja ya Japani iliwaalika tena wanafunzi wetu. Wangesoma na wenzao wa huko, wangelala katika nyumba za familia, wangejifunza mila zao. Nauli ililipwa na wenyeji. Pesa haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa watu.

Wengine wameisahau safari ya kwanza. Mimi sisahau. Walikwenda watoto wa wanakamati wa shule peke yao. Mchana madukani, jioni hotelini. Shuleni walipita kupiga picha getini. Ukiwauliza watoto wa kule wanasomaje, wanakuonyesha kofia walizonunua!

Safari hii Fagio alitaka kwenda. Alijifunza salamu za Kijapani kwenye simu ya baba yake, ile yenye kioo kilichopasuka. Akawa anawajaribia wateja wa kibandani. Mtu anakuja na soli imebanduka, anapokelewa kwa kuinamiwa: "Konnichiwa!"

"Huyu anasema nini?" wateja waliuliza.

"Anasema siku njema," baba alijibu. "Lete kiatu."

Ukafika mkutano wa wazazi. Mwenyekiti wa kamati, mwenye maduka ya saruji, akasimama.

"Wazazi wenzangu, wenyeji wametuma ratiba. Eti kila siku watoto wetu watasafisha darasa pamoja na wenyeji. Wapande ndege, wavuke bahari, wakashike matambara!"

"Dharau hiyo!" akapayuka mmoja.

"Tulieni, dawa ninayo. Tumchukue binti wa mfagizi. Saa ya usafi ikifika, atasafisha kwa niaba ya wenzake. Amezoea. Naye ataiona dunia. Nani kapoteza?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mama alikuwa mlangoni, dekio mkononi. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Ulikuwapo? Basi na wewe ulipiga makofi.

Nyumbani, mumewe alisema polepole, "Mama watoto, mlango umefunguka. Aingie tu. Akishafika huko, nani atajua aliingiaje?"

"Atajua yeye."

"Ufagio umeushika miaka yote. Umekufa?"

"Nimeushika kwa mshahara wangu, na sioni aibu. Lakini mwanangu ataenda kama mwanafunzi, au hatakwenda."

Binti alikuwa akiosha vyombo. "Baba," alisema bila kugeuka, "nikipiga deki, wenzangu wamekaa wananitazama, watoto wa kule watanionaje?"

Baba aliiinua nyundo yake, akairudisha chini.

Mama akamwita jirani, Bibi Mkoba. Ni mwalimu mstaafu, na mkoba hautoki begani hata akienda kuazima chumvi. Aliwahi kupeleka wanafunzi Japani kutoka shule nyingine. Aliposikia mpango wa Mwenyekiti, alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Wanapeleka mtumishi mahali ambapo kila mtu anajitumikia! Sikilizeni. Kule, katika shule nyingi, wanafunzi wenyewe husafisha madarasa na korido. Walimu nao hushika matambara. Si adhabu, ni sehemu ya masomo. Mlangoni unavua viatu vya nje, unavaa vya ndani. Mchana, wanafunzi kwa zamu huvaa aproni na kuwapakulia wenzao chakula. Mwanangu, usafi ndio ziara yenyewe. Ukimtoa mtoto hapo, umempeleka kutazama kuta."

"Sasa mtu anajiandaaje?" baba aliuliza.

"Kwanza unamuuliza mwenyeji anategemea nini. Pasipoti mnazishughulikia mapema, msingoje mabegi yafungwe. Mtoto ana ugonjwa, au kuna chakula asichokula? Familia itakayompokea iambiwe. Ajue kusalimu, kushukuru, kuomba radhi. Ajue hata kuoga! Nyumba nyingi za kule, unajisugua na kujisuuza kwanza, ndipo unaingia kwenye bafu la maji ya moto. Watu wengine wataingia katika maji hayo hayo. Na wanaosafiri wachaguliwe mbele ya macho ya wote, kwa sheria moja."

Mama akasimama. "Kesho utafuatana nami shuleni?"

"Mkoba si huu, uko begani?"

Asubuhi mama alifagia ua na ofisi. Kisha akapanga ndoo, fagio na matambara mlangoni pa madarasa, akaketi kwenye ngazi.

Mwalimu mkuu akaja mbio. "Mama, kulikoni? Madarasa machafu!"

"Yana wenyewe, mwalimu."

"Umegoma?"

"Nimegoma. Anayetaka kwenda Japani aanzie hapa. Wenzake wakishika tambara, binti yangu atashika. Wakikaa, naye atakaa."

Mwenyekiti akashuka garini, uso umemvimba. "Wewe mama, nitakufukuzisha kazi!"

"Nifukuze. Kesho utapiga deki mwenyewe, na suti hiyo hiyo?"

Watoto wakaangua kicheko. Bibi Mkoba akamgeukia mwalimu mkuu. "Mkikataa kusafisha na wenyeji, watawauliza mmefuata nini. Mtajibu nini? Kofia?"

Mwalimu mkuu alimtazama Mwenyekiti. Akaitazama ndoo. Akavua koti, akakunja mikono ya shati.

"Kuanzia leo usafi si adhabu," alisema. "Kila darasa litasafishwa na wenyewe. Wanaotaka kusafiri tutawapima uwanjani, wazazi wote wakiona. Salamu, kupakua chakula, kusafisha. Mtoto wa mwenyekiti, mtoto wa mfagizi, kipimo kimoja."

Kijana wa Mwenyekiti ndiye aliyechovya tambara ndooni kwanza, akalitoa likichuruzika maji hadi viatuni.

"Likamue!" Fagio alimpigia kelele. "Unaleta mafuriko?"

Siku ya kupimwa, baadhi ya watoto wa wanakamati hawakutokea. Wazazi wao waliona haya watoto waonekane na ndoo. Wakawabakiza nyumbani. Fagio aliinama, akasalimu, akapakua, akasugua. Alifaulu mbele ya wote, na hakuna aliyethubutu kunong'ona. Kijana wa Mwenyekiti naye alifaulu. Baba yake Fagio akawashonea wasafiri wote viatu vya ndani, vyenye soli laini.

Kule Japani, baada ya chakula, watoto walijipanga koridoni. Wageni na wenyeji, bega kwa bega, matambara sakafuni. Wakayasukuma mbio huku wakicheka. Msichana mwenyeji aliyekuwa kando ya Fagio alimuuliza, kwa Kiingereza cha kuokoteza, "Na kwenu mnafanya hivi?"

Fagio alilikunja tambara upya. "Sasa tunafanya," alijibu.

Waliporudi, kijana wa Mwenyekiti alimzuia baba yake mlangoni. "Vua viatu, baba. Sakafu hii nimeisugua mimi." Na pale shuleni mama bado anafagia ua, lakini madarasa yana wenyewe. Wanafunzi wakimpita, wanasimama, wanamsalimu.

Na wewe, mzazi, je? Funga ukurasa huu, inuka. Nenda ukaulize leo nani anasafiri safari ijayo, na kachaguliwa kwa sheria gani. Wakikuambia ni mambo ya kamati, usiondoke. Kaa kwenye ngazi. Na yule mama unayemruka kila siku, msalimie, kisha chukua ufagio wa pili ulioegemezwa pale ukutani. Umshike mwanao mkono, muanze kufagia.