Mshono Uliolala Kushoto

Fundi alikuwa amebakiza kamba ya bega na kiuno tu. Vazi lilikuwa mapajani mwake, kijani cha chupa, vipande viwili vidogo ambavyo vikikunjwa vinaenea kwenye kiganja kimoja. Shanga alizishona moja moja kwa mkono, kwa sababu cherehani huzivunja. Akaigeuza kamba ili aanze mstari mpya, na sindano ikasimama hewani.

Palikuwa na mshono usio wake.

Ulikuwa mfupi, pale kamba inapokutana na kifua. Mtu alikuwa ameikunja kamba akaifupisha, tena kwa uzi wa kijani uliotafutwa ukaribie kufanana. Lakini nyuzi zililala upande mwingine. Mtu wa mkono wa kulia akishona, nyuzi zake hulalia kulia. Hizi zililalia kushoto. Miaka kumi na tisa ya sindano ilikuwa imemfundisha kuusoma mkono wa mtu kama wengine wanavyosoma mwandiko.

"Shangazi, kuna mtu amegusa kazi yangu?"

Shangazi yake, aliyempigia pasi tangu siku duka lilipofunguliwa, hakuinua macho kutoka kwenye suruali. "Nani, mimi? Na macho haya? Sindano yenyewe unanitungia wewe."

"Basi ni mtu wa mkono wa kushoto."

"Ehee. Wako wengi duniani."

Fundi alimjua mmoja. Na vazi lilikuwa limelala nje ya duka siku nne wiki iliyopita, Karani, mpenzi wake na mwenye vazi, alipolichukua ajizoeze kutembea nalo.

Yeye na Karani walikutana miezi minane nyuma, posta, kwenye dirisha la vifurushi, siku ambayo foleni ilitoka mpaka barabarani. Fundi alifuata shanga alizoagiza. Karani, mwanamke wa mabega mapana aliyevaa shati jeupe la kazi, alinyoosha mkono kwenye rafu ya juu, na shati likapasuka kuanzia kwapani mpaka katikati ya mgongo. Foleni nzima ikakodoa macho. Kisha mtu mmoja akacheka.

Fundi aliinama akapita chini ya kaunta bila kuombwa, akachomoa sindano aliyozoea kuichomeka nyuma ya kola yake. "Simama hivyo hivyo, dada. Mgongo umelishinda shati. Dakika mbili."

"Watu wanangoja, kaka."

"Wangoje. Wameshatazama bure."

Karani alicheka mpaka mabega yakatikisika na Fundi akajidunga kidole.

Ndipo alipojua kwamba mgongo ule haukuja kwa bahati. Kila alfajiri kabla ya kazi Karani alinyanyua vyuma, bila kocha, akifuata daftari aliloandika mwenyewe: chakula chake, uzito alionyanyua, saa alizolala. Alitaka kupanda jukwaani mara moja, katika mashindano ya wanawake ya umbo, naye ana miaka thelathini na minne. "Nishonee vazi," alimwambia mapenzi yao yalipotimiza miezi mitatu. "Sitaki kupanda kule nimevaa mkono wa mtu nisiyemjua."

Fundi alikubali bila kujua anachokubali. Kila wiki alimpima, kila wiki kitambaa kikapungua, na kila kitambaa kilipopungua, macho yakaongezeka kichwani mwake: macho ya ukumbi mzima, yakimkodolea mtu wake.

Na macho ya Filimbi.

Ndivyo walivyomwita mwalimu wa ukumbi wa mazoezi, kwa filimbi aliyoivaa shingoni hata wakati wa kula. Si kocha wake, Karani alilisema hilo mara nyingi. Lakini juzi Fundi alipompelekea viatu virefu vya kujizoeza kusimama, alimkuta Filimbi amemshika mabega, anamgeuza taratibu kama mtu anayepanga pambo juu ya kabati. Kisha Filimbi akaandika ratiba ubaoni. Kwa mkono wa kushoto.

Simu ikaita. Kwenye kioo palikuwa na jina alilompa: Mabega Yangu.

"Mpenzi, umefika wapi? Keshokutwa, Jumamosi, ndiyo siku, mwenzio silali."

"Nimefika begani."

"Mbona sauti imekunjamana? Mpe shangazi aipige pasi."

Siku nyingine angecheka. "Aliyeanza kushona, amalizie."

"Nani?"

"Unamjua. Mimi siwezi kufuatisha sindano ya mwanamume mwingine."

 Nyuma ya Karani mihuri ya posta iligonga karatasi, pa, pa, pa.

"Fundi, unasema nini?"

"Nasema akufukuzaye hakuambii toka."

"Sikiliza. Wiki ya kumi na mbili hii nakula ute wa mayai na majani. Sina nguvu ya mafumbo. Natoka kazini saa kumi, nakuja kuchukua vazi langu, limekwisha halijakwisha."

Akakata.

Shangazi aliisimamisha pasi. "Yaani umemhukumu mtu kwa jinsi uzi ulivyolala?"

"Uzi hausemi uongo."

"Uzi hausemi kabisa, mwanangu. Unayesema ni wewe."

Karani aliingia jua likiwa bado kali mlangoni. Alivaa shati lile lile lililowahi kupasuka, sasa likimpwaya kiunoni, na mashavu yalikuwa yamebonyea. Begani alining'iniza mfuko wa viatu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Mgonjwa wako yule pale."

Fundi hakusalimia. Alinyoosha kamba. "Huu mshono wa nani?"

Karani aliutazama, kisha akatazama chini.

"Unaona aibu," Fundi akasema.

"Naona."

"Basi ni kweli."

"Ni kweli sijui kushona."

Kabla Fundi hajajibu, Karani alichukua kipande cha juu akakivaa hapo hapo, juu ya shati la posta. Akamsogelea Fundi, akapeleka mkono nyuma ya kola yake na kuchomoa sindano. Ilikuwa na uzi tayari, kama siku zote. Akasimama mbele ya kioo, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, macho kwenye kioo, akaanza kuchoma kamba pale kifuani. Alitumia mkono wa kulia.

"Nilipungua, kamba ikalegea," alisema, akishona. "Nikilivua sijui pa kukunja. Kwa hiyo nililishona nikiwa nimelivaa, bafuni, mbele ya kioo. Nimejidunga mara sita."

Fundi alimsogelea, akautazama uzi wenyewe badala ya kioo. Mmoja, wa pili, wa tatu. Zote zilikuwa zinalalia kushoto: kulia kwa aliyevaa ni kushoto kwa anayemtazama. Miaka kumi na tisa alishona nguo zilizolala mapajani mwake au zilizovaliwa na wengine. Hakuwahi kushona akiwa ndani ya nguo.

"Kwa nini hukuniletea mimi?"

"Kwa sababu ya sura yako." Sindano ilisimama. "Kila ukinipima unashusha pumzi. 'Umepungua tena.' Unaishika futi kama unapima sanda. Mimi nashangilia, wewe umefiwa. Nikasema nisikuumize, nitaikunja mwenyewe."

Fundi alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Naogopa. Watakutazama wote. Halafu ushuke, unione mimi na kitambi."

"Hicho kitambi kingekuwa na shanga," Shangazi akasema kutoka kwenye pasi, "tungekipeleka nacho."

"Na Filimbi?"

"Filimbi alinigeuza kwa sababu nasimama kama nimebeba kifurushi. Na wewe je? Unashika viuno vya wanawake wa mji mzima. 'Inua mkono, dada. Geuka kidogo.' Mimi nimekaa hapo kwenye benchi natafuna tango, wivu umenijaa mpaka hapa, nimenyamaza."

"Hukuwahi kuniambia."

"Si ndiyo nakuambia."

Alivua kipande kile akamrudishia. Fundi akachukua mkasi mdogo, akauelekeza kwenye mshono ule wa kwanza.

"Fumua," Karani akasema. "Ni mbaya."

Fundi aliuvuta kwa vidole, akauweka mkasi chini. "Nimeuvuta, umeshika. Nitaupitishia shanga juu."

"Majaji je?"

"Hawatauona. Nisamehe, Karani wangu. Leta mkono."

Alimpa. Fundi akachukua ncha ya futi akaizungusha kwenye kidole cha pete, kwa mikono ile iliyopima mji mzima.

"Vazi lina vidole?" Karani akauliza, kisha akaelewa. Shangazi alichomoa waya wa pasi ili asikie vizuri.

Taratibu Karani akaifungua futi kidoleni. "Usipime leo. Hata vidole vimepungua, nikianza kula itanibana. Nipime Jumapili, nikishashiba."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Hiyo ni Jumapili."

Akavaa viatu virefu, akasimama mbele ya kioo, mabega nyuma, akijizoeza. Fundi alimtazama, na safari hii hakushusha pumzi. Alishona shanga mpaka mwanga wa mlangoni ukawa mdogo na mshono uliolala kushoto ukafunikwa wote. Kiuno kilikuwa bado kitupu. Akaichomeka sindano nyuma ya kola.

"Kiuno kesho," akasema.