Shamba Lililofungwa Ndani ya Simu

Fundi cherehani alikuwa na desturi yake. Akimaliza kushona, hufagia vipande vya nguo na kufunika cherehani. Kisha huketi mlangoni na simu, akacheza mchezo wa shamba.

Mchezo huo aliuanza na marehemu mumewe. Walikuwa wakigombea simu kama watoto. Mume akipanda mahindi, mke huyang'oa apande maua.

"Wewe mwanamke, maua yataliwa?" mume alikuwa akiuliza.

"Na mahindi yako ya kwenye simu, yataliwa?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mume alipofariki, shamba lilibaki. Kibanda alichokijenga kilikuwa palepale, kando ya mto. Fundi alikitazama kila jioni.

Siku moja alifungua mchezo akakuta maneno mekundu: "Akaunti hii imefungwa kwa sababu ya udanganyifu."

"Udanganyifu? Mimi?"

Akawaandikia wenye mchezo kwa hasira. "Nyie wezi! Rudisheni shamba langu!" Akatuma tena na tena. Kila mara alijibiwa maneno yaleyale. Ilikuwa mashine tu inayojibu.

Kisha mtu asiyemjua, aliyeyaona malalamiko yake kwenye ukurasa wa mchezo, akamwandikia: "Nitakufungulia. Nitumie neno lako la siri."

Binti yake alimkuta ameshaanza kuandika. "Mama, ngoja! Humjui, halafu unampa ufunguo?"

Binti akamwita jirani yao. Mwanamke huyo alifanya kazi katika kampuni ya maji, akijibu malalamiko ya wateja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wameniulia mume wangu mara ya pili."

Jirani akaketi karibu naye. "Pole sana, mama. Hebu niione simu."

Kioo kilikuwa na ufa. Jirani aliiweka simu mezani, asiiguse. Herufi zikaanza kujiandika zenyewe, mbiombio.

"Mama, kioo hiki kinajibonyeza!"

"Ndiyo, tangu mkasi ulipokiangukia. Nimekizoea."

"Basi huenda ndiyo sababu. Mashine yao imeona mibonyezo ya haraka kupita mkono wa mtu. Imedhani unatumia programu ya hila."

"Sasa nifanyeje?"

"Ukate rufaa. Lakini acha matusi, mama. Hata mimi kazini, anayenitukana namjibu tu. Anayenieleza namsaidia."

Binti alichukua simu yake akarekodi video ya kioo kikijibonyeza. Jirani akafungua sehemu ya msaada, ndani ya mchezo wenyewe. Wakaandika jina la akaunti, aina ya simu, siku ilipofungwa na tatizo la kioo. Wakaambatanisha video.

"Nimtaje marehemu?" fundi aliuliza.

"Mtaje, kwa sentensi moja. Ushahidi utangulie."

"Na neno la siri?"

"Hilo usimpe mtu yeyote, mama. Anayeliomba ni tapeli."

Jibu la kwanza lilikuwa hapana. Fundi alikata tamaa. Siku hiyo alishona mkono wa gauni nje ndani, akaufumua akiguna.

"Hilo ni jibu la mashine," jirani alimwambia. "Usifungue malalamiko mapya. Wajibu palepale, uombe mtu aitazame video."

Fundi akaandika kwa upole. Halafu akaipeleka simu ikabadilishwe kioo. Akangoja, na kungoja kulimchosha kuliko kushona.

Hatimaye jibu likaja: "Tumekagua upya. Hukudanganya. Tunaomba radhi. Akaunti yako imefunguliwa."

Fundi alimwita binti yake kwa sauti mpaka wateja wakashtuka. Wakafungua mchezo pamoja. Kibanda kilikuwepo. Lakini shamba lilikuwa limejaa magugu, na mazao yote yalikuwa ya kahawia.

"Mama, vyote vimekufa!"

Fundi alifuta machozi kwa ncha ya kanga, huku akicheka.

"Vimekauka tu, mwanangu. Sogea hapa, nikufundishe kulima."