Nta Kiganjani mwa Ilinca

Alikutwa Ijumaa saa tisa alasiri, chini ya ngazi za stoo ya ardhini, katikati ya mapipa mawili ya kabichi ya chumvi. Tarishi Gavril, aliyeleta barua, ndiye aliyemwona, maana mlango uliachwa wazi. Alidhani ni maiti. Akapiga simu polisi.

Ilinca hakuwa maiti. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, mbavu mbili zilizovunjika, nyuzi kumi na moja kichwani, na jibu moja kwa kila swali la polisi: "Nilianguka."

Hilo lilikuwa anguko la tatu tangu aolewe. Majalada mawili ya kwanza Inspekta Veturia Mocanu alikuwa nayo mezani, yote yamefungwa kwa kukosa mlalamikaji. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilifunika kombe mwanaharamu apite. Sasa ilikuwa Jumatatu asubuhi. Saa sita daktari angemruhusu mgonjwa, na Liviu, mumewe, alishakaa kwenye korido na koti la mkewe mapajani, mpole kama bwana harusi. Veturia alijua kwamba Ilinca akirudi nyumba ile, anguko la nne watamzika.

Pale hospitali, muuguzi akamvuta Veturia pembeni.

"Afande, Ijumaa nilipomwosha nilimbandua kitu kiganjani. Nilikiweka. Leo ndiyo nimerudi zamu."

Ndani ya bahasha mlikuwa na kipande cha nta ya njano. Veturia akakinusa. Kilinukia asali.

Hakuhitaji maabara. Alizaliwa vilima hivihivi, na bibi yake alikufa ameshikishwa mshumaa wa kanisani, wa nta ya nyuki kama hiyo, ili asiende gizani. Mtu hushikishwa mshumaa anapokata roho, si kabla. Basi Ilinca hakuwa peke yake mle stoo.

"Neculai," alimwambia sajini wake, "washa gari. Twende kwa mama mkwe wa Ilinca."

Mama Aspazia alikuwa akipukuchua maharage jikoni.

"Karibu, mwanangu. Ila kama ni habari ya ngazi, nimeshasema. Ijumaa toka saa sita tulikuwa kwenye mizabibu, mimi na Liviu. Hawa wasichana wa mjini hata kushuka ngazi hawajui!"

"Nasikia hata wewe ulikuwa ukianguka sana, enzi za marehemu mzee."

Maharage yakasimama mkononi.

Pembeni mwa picha ya Bikira Maria palikuwa na kifungu cha mishumaa ya njano. Mmoja ulikuwa umeungua urefu wa kidole.

"Huu uliwaka lini?"

"Ijumaa. Umeme ulikatika."

"Mama wee," Neculai akadakia, "mimi nakaa nyumba ya tatu toka hapa. Ijumaa umeme haukukatika hata dakika."

Veturia akaiweka nta mezani.

"Imetoka kiganjani mwa Ilinca. Mtu wa mbali angeuliza ni nini. Mimi na wewe hatuulizani."

Mama Aspazia aliitazama. Kisha akalipuka.

"Ningemwachaje aende gizani? Alikuwa anakoroma, macho yamegeuka! Nikamfumba vidole kwenye mshumaa, nikamsomea sala. Alipotulia nikaacha mlango wazi, roho ipate pa kutokea. Mimi si mnyama!"

"Kiberiti ulikuwa nacho. Simu je?"

Mkono wake ukagusa mfuko wa aproni.

"Nilikuwa nayo."

"Kwa nini hukupiga?"

"Mngekuja ninyi! Binti yangu anaolewa Jumapili. Nani angekanyaga harusi ya nyumba ambayo mwana kafungwa? Mimi nimepigwa miaka thelathini, afande, sikumwita mtu. Nilidhani ndivyo nyumba zinavyosimama."

"Nani alimsukuma?"

"Andika langu. La mwanangu silisemi." Akarudi kwenye maharage yake.

Walifika hospitali saa sita kasorobo. Liviu akasimama.

"Mke wangu alishasema alianguka. Hamna wezi wa kukamata?"

"Kaa hapo na sajini," Veturia alimjibu, akaingia na kufunga mlango.

Ilinca alikuwa akifunga vifungo vya blauzi.

"Nilianguka," alisema kabla hajaulizwa.

"Sijakuuliza, mdogo wangu. Nimekuja kukwambia." Akamweleza yote aliyofanya mama mkwe wake: mshumaa, sala, mlango, simu.

"Mama? Mama aliyenifundisha kukanda mkate?" Sauti ilikuwa ndogo. "Nikiwa hai?"

"Ukiwa hai."

Ilinca akakitazama kiganja chake, akakisugua kwa kidole gumba. Machozi yalimshuka, hakuyafuta.

"Miaka miwili nanyamaza nisimwaibishe mama," alisema. "Haya, afande, toa kalamu. Liviu alinisukuma. Na mara ile ya kwanza ni yeye, na ya pili. Andika polepole. Nataka yaingie yote."