Soksi Zisizofumuka

Hebu fumba macho kidogo, uione ngazi ya saruji nyuma ya jengo la maduka. Jioni imeingia. Fundi viatu anafunga sanduku lake, na cherehani za ghorofani zimenyamaza. Chini ya ngazi pana kibanda cha soksi, chembamba kama kabati, na ndani yake inawaka taa moja ya njano. Umekiona? Basi hapo ndipo aliposimama dada mmoja, mhudumu wa hoteli, ambaye wenzake walimwita Mkaguzi.

Walimwita hivyo kwa sababu hakununua kitu bila kukipekua. Soksi ndefu za kazini, zile nyembamba zinazovaliwa na sketi, alizijua kama mpishi ajuavyo chumvi. Aliivuta soksi aone kama inarudi. Aliiinua kwenye taa atafute pale uzi ulipokonda. Aliingiza mkono mpaka kisiginoni. Mwisho aliigeuza ndani nje, maana shangazi yake aliyemlea, mshona viraka wa siku nyingi, alimfunza hivi: "Nje watakuonyesha wao, mwanangu. Ndani jionee mwenyewe."

Shida yake ilikuwa sugu, ngozi iliyokomaa. Ilikaa kwenye kidole cha mwisho cha mguu wa kulia, ngumu kama kokoto, na ilitoboa kila soksi. Msimamizi wa hoteli naye alikuwa na sheria yake: soksi zikikufumukia mara tatu, kazi huna. Zake zilikwisha kufumuka mara mbili. Kesho yake ilikuwa siku ya ukaguzi.

"Karibu, dada," alisema muuzaji.

Alikuwa mama mnene aliyeketi, shuka limemfunika toka kiunoni hadi sakafuni. Akampa jozi yenye rangi ya ngozi yake hasa. Mkaguzi akavuta. Ikarudi. Akaiinua kwenye taa. Haina kasoro. Akaingiza mkono...

Mlikuwa na joto.

Joto la kiti alichotoka kukikalia mtu sasa hivi.

"Usiigeuze," mama akanong'ona. "Utaiharibu umbo. Hii haifumuki, haitoboki, haifuliwi."

"Haifuliwi? Mama, soksi isiyofuliwa si itaanza kutembea yenyewe?"

Mama hakucheka. "Pesa sitaki. Niachie hizo ulizovaa."

Hizo alizovaa zilikuwa za tangu alfajiri, zimelowa jasho, zimetoboka kidoleni. Alizivua kwa haya. Mama akazipokea kwa mikono miwili, akazisogeza puani, akavuta pumzi ndefu... Kisha akaitia ncha ya soksi kinywani. Akainyonya. Taratibu, macho yamefumba, mpaka jasho likamtiririka kidevuni.

Mkaguzi akarudi nyuma hatua moja. Angekimbia. Lakini kazi ilikuwa kazi, na soksi zilikuwa mkononi. Akazivaa palepale, na kwa mara ya kwanza maishani hakugeuza.

Asubuhi msimamizi aliinama na tochi yake, akatazama, akatazama tena. "Leo umevaa miguu ya nani?" akatania, wenzake wakaangua kicheko. Mkaguzi akabaki kazini.

Siku tisa soksi hazikufumuka. Miguu yake haikutoa hata tone la jasho. Siku ya kumi akapapasa kidole cha mwisho, na sugu hakuiona. Akafurahi, masikini.

Ila chumbani palianza kunuka. Kwanza kama maziwa yaliyosahauliwa. Halafu kama kidonda kilichofungwa muda mrefu.

"Mbona humu mnanuka mguu wa mgonjwa?" shangazi akauliza jioni moja, kanga puani.

"Soksi zangu ni safi, shangazi. Tazama."

"Uliponunua, uligeuza?"

Mkaguzi akainamia miguu yake.

"Mwanangu... uligeuza?"

Shangazi akaichukua ya kulia kwenye kiti, akaanza kuigeuza mwenyewe. Iligoma. Kisha ikaachia, kwa sauti ya kitu kibichi kinachobanduka.

Ndani ilikuwa ya waridi, yenye utelezi. Vinyweleo vimelala kuelekea chini. Kisigino kilikuwa na nyufa, na ndani ya nyufa mlikuwa na uchafu. Nchani kucha tano zilianza kuota, laini kama magamba ya samaki. Na kwenye kidole cha mwisho...

Sugu.

Shangazi aliitupa, akatapika ndani ya beseni la kufulia. Pale sakafuni, soksi ikakunja vidole.

Alipopata nguvu, aliushika mguu wa Mkaguzi. Ulikuwa mwepesi, wa baridi. Akausogeza kwenye taa. Unyayo mzima ulikuwa vitanzi, vidogo vidogo, mstari kwa mstari, kama kitu kilichofumwa. Kwenye kidole cha mwisho ulining'inia uzi.

"Ukate, shangazi."

"Nikiukata, utafumuka wote."

Akatia sindano, akapiga fundo. Damu haikutoka. Mkaguzi hakusikia kitu, na hilo ndilo lililomliza.

Zile soksi walizifungia ndani ya bati la biskuti, wakaweka jiwe juu. Asubuhi jiwe lilikuwa mahali pake. Bati lilikuwa tupu.

Walipofika ngazini, kibanda kilikuwa kimefungwa.

"Yule mama kahama alfajiri," fundi viatu akawaambia. "Miaka yote sijamwona akisimama, leo kanipita anatembea! Anachechemea kidogo tu. Mguu wa kulia... kama mtu mwenye sugu."

Mkaguzi bado yuko kazini, na msimamizi humsifu kwa kutembea bila kishindo. Kila jioni shangazi huvaa miwani, akakagua fundo. Lakini shangazi anazeeka, na mafundo hulegea.

Basi nawe, ukihudumiwa siku moja na dada mtaratibu, ukaona uzi unaning'inia karibu na kiatu chake, najua mkono wako utataka kusaidia. Ila nakuomba ukumbuke jambo moja tu, tafadhali.

Usiuvute.