Fundi Kimya Aitisha Mkutano

Fundi Kimya alijaliwa mikono ya kushona, lakini ulimi alikuwa akiuazima kwa mkewe. Mteja akija na maneno mengi, mke ndiye aliyemjibu. Majirani wakigombana, mke ndiye aliyekwenda kuwapatanisha. Yeye alibaki nyuma ya cherehani, pini mdomoni, akitabasamu. Waliishi hivyo miaka ishirini na sita, na hakuna aliyelalamika.

Sasa ulikuwa umepita mwaka na miezi minne tangu amzike. Cherehani ya marehemu ilitumiwa na binti yao, msichana mkubwa, fundi hodari kama mama yake. Hata hivyo, kila Fundi Kimya alipokwama kwenye kola au mfuko, aligeuza shingo upande ule ili aulize, kisha akakumbuka. Binti alikwishazoea. Aliinua macho na kusema taratibu, "Niulize mimi, baba." Naye aliuliza jambo lolote, ilimradi mtoto asijisikie vibaya.

Marehemu alijulikana kwa jina la Bi Pindo, kwa sababu nguo yenye pindo bovu haikutoka mkononi mwake. Ndiye aliyeanzisha ushirika wa mafundi cherehani. Mafundi sitini walitumia karakana moja yenye meza ndefu za kukatia, pasi kubwa na mashine ya vifungo, vitu ambavyo fundi mmoja peke yake si rahisi kuvipata. Alipofariki, wanachama walimwomba mumewe ashike uenyekiti. Alikubali, na si kwa kupenda cheo. Karakana ile ilikuwa kazi ya mkewe. Hakutaka kuiona inakufa.

Lakini mikutano ilimshinda.

Alisimama mbele na karatasi zake. Alisoma kumbukumbu za mkutano uliopita, neno kwa neno. Alisoma taarifa ya mwaka, ukurasa kwa ukurasa. Jasho lilimtoka. Watu walipiga miayo, wengine wakachungulia simu. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka huo walikuja watu kumi na tisa tu. Katiba ya ushirika ilitaka akidi, yaani idadi ya chini ya watu ili mkutano uwe halali. Akidi yao ilikuwa watu thelathini na mmoja. Mkutano mkuu ukikosa akidi mara mbili mfululizo, ushirika hufutwa, na karakana hurudi kwa wenye jengo.

Wakapewa mwezi mmoja wa kurudia.

"Hawaji kwa sababu mimi si mama yako," Fundi Kimya alimwambia binti yake walipofika nyumbani. Binti naye alikuwa akimkumbuka mama yake.

Kesho yake asubuhi Fundi Kimya alikwenda kurudisha ufunguo wa ukumbi. Aliyeupokea alikuwa jirani yao, mhudumu wa ukumbi, ambaye kila mtu alimwita Bwana Viti. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amepanga viti vya mikutano ya kila namna: ya walimu, ya wafanyabiashara, ya waganga, ya watu wa bima. Alikaa mlangoni akaisikiliza yote, hata ile ambayo wenyewe hawakuisikiliza.

Fundi Kimya alimsimulia yaliyompata, akamalizia kwa kusema kwamba marehemu alikuwa na kipaji, na kipaji hakirithiwi.

Bwana Viti aliweka ufagio kando. "Jirani, nikwambie kitu? Mkeo alikuwa akija hapa siku moja kabla ya kila mkutano. Tulipanga viti pamoja. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, akaniambia nisimame mbele niseme, aone kama anasikia. Mkutano wa kwanza alioongoza ulikuwa mbovu kuliko wako. Aliondoka hapa analia."

Miaka yote ile Fundi Kimya aliamini mkewe alikwenda tu na mikutano ikaenda. Hakujua kwamba alilia. Alitamani amuulize kwa nini hakumwambia, na kwa mara nyingine hakukuwa na wa kumuuliza. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Basi nifundishe alivyofanya," alisema.

Wakaanza hapo hapo. Bwana Viti alimuuliza: watu wakitoka nje ya mlango ule, unataka wawe wameamua nini? Fundi Kimya akataja mambo manane. Bwana Viti akatikisa kichwa. Mkutano si gunia, alisema, usiujaze mpaka ushindwe kufunga. Chagua swali moja kubwa. Mwishowe Fundi akasema kinachowaumiza mafundi wote ni kwamba wateja wanakimbilia nguo zilizoshonwa tayari. Wafanye nini ili warudi? Hilo likawa swali.

Na taarifa je? Bwana Viti alisema taarifa isisomwe ukumbini. Ipelekwe karakana wiki moja kabla, iwe ya ukurasa mmoja, kwa maandishi makubwa. Anayesoma amsomee mwenzake wakiwa kazini. Siku ya mkutano yabaki maswali tu.

"Jambo la mwisho ndilo gumu," alisema Bwana Viti. "Wafuate wasiokuja. Usiwalaumu. Waulize sababu, kisha unyamaze. Kunyamaza unakuweza."

Fundi Kimya alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Wiki ile yeye na binti yake walipita nyumba kwa nyumba. Wengine walisema mikutano ni mirefu na wana watoto wadogo. Vijana walisema hawaulizwi kitu, wanaitwa kupiga makofi tu. Nyumba iliyomgusa zaidi ni ya Bibi wa Vifungo, mama mtu mzima aliyeshona matundu ya vifungo vizuri kuliko mtu yeyote. Alikuwa hajahudhuria mwaka mzima.

"Mwanangu, sikio langu moja halisikii," alisema. "Mkeo alikuwa ananiketisha karibu naye, upande wa sikio zima. Alipoondoka, nikawa nakaa nyuma naangalia midomo ya watu. Nikaona nibaki nyumbani tu."

Fundi Kimya aliomba radhi.

Siku moja kabla ya mkutano walikwenda ukumbini. Waliondoa ile meza kuu ya mbele. Viti wakavipanga kwa maduara madogo madogo, sita sita, ili kila mtu aone uso wa mwenzake. Bwana Viti alieleza kwamba watu wakipangwa safu, humsikiliza mmoja. Wakipangwa duara, husikilizana. Binti akaongeza wazo lake mwenyewe: kila fundi aje na nguo moja iliyomsumbua mwaka huo. Wakafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta ili nguo zitundikwe. Kona moja ikatandikwa mkeka wa watoto.

Siku ilipofika, Fundi Kimya alisimama mlangoni akiwapokea watu kwa majina. Aliwahesabu kimoyomoyo. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Kisha kimya, mlango ukabaki wazi, hakuna mtu. Ndipo wakaingia vijana wanne kwa pamoja, na nyuma yao Bibi wa Vifungo, gauni mkononi. Baadaye waliendelea kumiminika mpaka wakafika arobaini na sita.

Hakutoa hotuba. Aliwaomba wageukiane wawili wawili, kila mmoja amweleze mwenzake nguo yake kwenye kamba ilimsumbua vipi. Ukumbi ulilipuka kwa maneno. Watu walicheka suruali yenye mguu mmoja mfupi. Tatizo likawa kuwanyamazisha. Fundi Kimya hakuwa na sauti ya kupaza. Akachukua mkasi mkubwa wa kukatia, akaufungua na kuufunga hewani mara tatu. Fundi gani asiyeujua mlio ule? Wote wakageuka.

Akawauliza swali moja, akawapa kila duara karatasi na kalamu, na dakika ishirini. Aliyejua kuandika aliwaandikia wenzake. Kabla watu hawajachoka aliwapumzisha, wakanywa chai wakiwa wamesimama chini ya nguo zao, na huko mazungumzo yakaendelea bila kusukumwa.

Wazo lililobeba mkutano lilitoka duara la Bibi wa Vifungo. Alisema watu wananunua nguo tayari, sawa, lakini haziwakai vizuri. Huku kiuno kipana, huku mkono mrefu. "Kwa nini tuzichukie nguo hizo? Tuweke meza ya kuzirekebisha, mteja asubiri aondoke na nguo yake." Alisema yote bila kuomba mtu arudie lolote. Alikuwa amekaa upande wa kulia wa mwenyekiti, sikio zima likimwelekea.

Walipiga kura, wazo likapita. Hawakutawanyika kabla ya kukubaliana nani atafanya nini na siku gani: vijana watengeneze kibao, binti apange zamu, Bibi afundishe. Mwisho Fundi Kimya aliwauliza nini kibadilishwe mkutano ujao. Mtu mmoja akasema chai iongezwe sukari. Wakacheka, wakafunga.

Lakini hawakuondoka. Walibaki makundi makundi, wakishikashika nguo na kubishana mishono. Fundi Kimya alisimama peke yake karibu na dirisha, macho yakizunguka ukumbini.

"Baba, unamtafuta nani?" binti aliuliza.

Alikaribia kusema hamtafuti mtu. "Mama yako," alisema. "Nilitaka anione leo."

Binti alimshika mkono. Hakumwambia kwamba mama anamwona, wala kwamba yuko mahali pema. Alisema, "Hata mimi." Wakasimama hapo pamoja mpaka watu walipoanza kuaga.

Miezi mitatu baadaye meza ya kurekebisha nguo ilikuwa na foleni tangu asubuhi, na mafundi watano wapya walikuwa wameomba kujiunga na ushirika. Kabla ya mkutano uliofuata, Bibi wa Vifungo ndiye aliyechaguliwa kuuongoza. Aliogopa, akamwendea Fundi Kimya na kumwambia kwamba yeye hana kipaji hicho.

Fundi Kimya alimvutia kiti. "Kaa, mama," alisema. "Nikueleze mke wangu alivyokuwa akifanya." Akaanza kuongea, na siku hiyo aliongea sana.